Mlango wa Bi Nyanjige

Mvua ilianza saa nane za usiku,
ikitokea ziwani kama kawaida yake, bila hodi,
na kulipokucha Sengerema nzima ilinuka bati na udongo.
Fundi Lubango akaniuliza: Utafika?
Nikamwambia: Funga.

Tukaukingamisha mlango nyuma yangu,
mninga mtupu, maua matatu ya patasi,
bawaba na misumari ndani ya mfuko wa rambo.
Nikawa na mabawa mazito yasiyojua kuruka.
Vijana wa kijiweni wakapiga kelele:
Toyo ina mlango, nyumba iko wapi?

Kisha lami ikaniaga.

Tope la huku ni la mbuga, jeusi, lina gundi.
Halikuangushi papo hapo.
Linakushika mguu kwanza, kama mtu mwenye shida ndogo,
halafu linakueleza shida yote.
Likajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likagoma.
Nikashuka, nikachokonoa kwa kijiti cha mpera,
nikapanda, nikaenda hatua arobaini,
nikashuka.

Kaka yangu Mashauri, Mungu amrehemu, ndiye aliyenifundisha:
gia ya kwanza,
breki ya mbele isahau kama deni la mlevi,
na shimo usilitazame, maana macho yakienda
pikipiki nayo hufuata.
Nikatazama mbali. Kule mbali ziwa lilikuwa limetulia,
jeupe, limejikunja miguu,
kama si lenyewe lililofanya yote haya.

Penye bonde la mpunga barabara ilikuwa imekatika.
Mtaro mpana kama kitanda, maji ya kahawia,
na kando yake lori la mkaa, limeinama tangu juzi,
utingo wake akisonga ugali chini ya bodi.
Akanitazama. Akautazama mzigo.
Akafuta mwiko.
"Sasa wewe," akasema, "unalia nini
na daraja umelibeba mgongoni?"

Nilinyamaza. Mlango wa mtu.
Laki mbili na nusu, misimu miwili ya kuanika dagaa,
miaka minne Bi Nyanjige analala
nyuma ya kipande cha turubai na jiwe.

Tukafungua kamba.
Tukaulaza, maua chini, mgongo juu.
Mbao zikalia mara moja tu, zikanyamaza.
Nikavuta mafuta nusu, nusu tu,
utingo akisukuma, akinitukana kwa upendo,
na kwa muda wa pumzi moja
nilipita mlangoni
pasipo ukuta, pasipo paa, pasipo mtu wa kunikaribisha.

Nilifika Nyakalilo saa kumi, tope hadi kwenye kope.
Bi Nyanjige akatoka na kanga ya mabega,
akauzunguka mlango kama anayenunua ng'ombe.
Mstari wa tairi ulipanda kutoka chini hadi juu,
meno yake yameng'ata vanishi.
Nikatafuta uongo. Mfukoni hamkuwa na uongo mkavu.
Nikasema yote: mtaro, lori, utingo, mwiko.

Akachota maji kwenye beseni, akasugua.
Tope likatoka. Meno hayakutoka.
Akapitisha kidole hapo, polepole,
kama mtu anayesoma barua ya mwanawe.
"Kumbe mgeni wa kwanza ameshaingia," akasema,
"na mimi sijapika."

Halafu akanikata elfu tano.

Sikubisha. Nilikunywa uji wake nimesimama,
nikamshikia ubao wakati shemeji yake akigonga bawaba.
Ulipofungwa, aliufungua. Akaufunga. Akaufungua.
Mara saba, nilihesabu,
na kila mara alicheka kidogo zaidi.

Nikawasha toyo. Nyepesi, haina mabawa.
Juu ya ziwa wingu jingine lilikuwa linakunja mikono ya shati.
Ndipo nilipokumbuka
mtaro bado uko pale pale,
na daraja langu
nimeliacha likilindwa na kufuli.