Sitini na Nane

Imeandikwa 68, tarakimu nyembamba kama miguu ya sisimizi,
kwenye kichwa cha shaba kisichozidi punje ya choroko.
Tundu lake hulioni mpaka uielekeze juani,
na hapo ni nyota moja tu, ya mchana.

Injini tuliitoa kwenye pampu ya maji, Jomvu;
mwenyewe kahamia umeme.
Twalibu akaifunga kwenye kigari cha mabomba ya kitanda,
magurudumu ya toroli, breki ya kubahatisha.
Tukang'oa gavana, tukapanua njia ya hewa,
na injini iliyozoea kunywa kwa adabu
ikawa yavuta pumzi ya ng'ombe
na kulishwa kwa kijiko.

"Yakata," akasema Twalibu.
Ikifika ghala la nne, kule Shimanzi, yakohoa kikohozi kikavu.
Nikafungua plagi: nyeupe,
nyeupe ya chokaa ya tambuu.
Hiyo ni njaa. Hewa tele, mafuta haba.
Jumapili mbili zaidi na pistoni ingetoboka.

Jeti ya sabini na tano haikuwako.
Niliuliza Mwembe Tayari, nikauliza Bondeni;
wa Nairobi akanitajia bei
nikadhani aniuzia pikipiki nzima.
Basi, kutoboa.

Nilichonga waya wa breki, nikausokota ndani.
Shaba ni laini, haigombi,
na hapo ndipo inapokuponza.
Jioni ile moshi ulitoka mweusi, wa taa ya chemni,
plagi imelowa masizi,
na harufu ya petroli ikanifuata hadi kwenye wali.

Nguo ikipwaya utaipunguza.
Mchuzi ukizidi chumvi utautia tui.
Tundu ukishalipanua, limekwenda.
Nikaliziba kwa tone la risasi ya kulehemu,
nikawa na jeti isiyo na tundu kabisa,
yaani msumari.

Mamangu alikuwa dirishani na kofia ya vito,
agizo la harusi ya Kibokoni:
vitundu mia tano, kila kimoja pacha wa mwenziwe.
Miaka arubaini atoboa kitambaa, azungushia uzi,
wala sijawahi kumwona na rula.
"N'nini hicho walaani?"
Nikamweleza. Tundu, mama. Lizidi lile la kwanza kwa unywele.
"Unywele wa nani?"

Sikuwa na jibu.

Akafungua kikopo cha dawa ya kifua.
Sindano tisa, zimepangwa kwa unene anaoujua yeye.
Akachagua mbili, akazisugua kwa vidole kama aonja nguo dukani.
"Hii iingie. Hii ikatae.
Kati yao ndipo pako."

Ya tatu nikainoa ubapa kwenye jiwe, iwe ya kukwangua.
"Usisukume," akasema, macho kwenye kofia yake.
"Zungusha. Toa. Futa. Tazama."
Nikazungusha, nikatoa. Adhana ya alasiri ikapita.
Nikafuta, nikatazama.
Ilipoingia ile ya kwanza nikaacha hapo hapo:
ni kaskazi, joto limeipunguza hewa nguvu,
injini haitaki kushibishwa sana.

Jumapili Twalibu alilipita ghala la nne
na ukimya wa kile kikohozi
ulikuwa mkubwa kuliko mlio.
Alirudi na vumbi kwenye meno.
Nikafungua plagi ingali yachoma vidole:
kahawia, ya halua iliyolala siku moja.

Alitaka tuikwangue namba, tuandike sabini na nne.
Nikamwambia iache.
Yajua yenyewe.

Jioni nilirudisha kikopo. Mama akahesabu: nane.
Akanusa moja, akanitazama,
akatunga uzi akaendelea.
Ijumaa hii, Kibokoni, bwana harusi atasujudu
na kofia yenye harufu kidogo, kidogo sana,
ya petroli.