Kifungo

Huku Košice theluji imezika reli za tramu.
Želmíra anafungua tanuri, anatoa kifungo,
ndivyo wanavyokiita maabara:
gramu saba, mviringo,
kama kilichodondoka kwenye koti la mtu.

Shaba iliyomo haijui sumaku.
Alumini haijui.
Manganisi, ukiiacha peke yake,
kila chembe humpa jirani kisogo.
Alizipima zote tatu, manganisi akaizidisha kidogo
maana hupenda kutoroka na mvuke,
akayeyusha kwa radi ndogo ndani ya agoni,
akageuza, akayeyusha tena. Mara tano.

Na bado. Sumaku ya mlango wa friji, yenye sura ya uyoga,
iligusa, ikateleza.

"Zimekaa ovyo," alisema,
na eksirei ikamuunga mkono:
pale palipotakiwa kichuguu kimoja kidogo
mstari ulipita tambarare.
Atomi zilikuwa kama wageni waliofika harusini
viti havijapangwa.

Baba yake, Vendelín, miaka thelathini na mmoja
akimimina chuma kwa tani, alicheka wazi.
"Gramu saba! Hizo nilikuwa nazikung'uta
kwenye buti."

Želmíra hakujibu. Alikifungia ndani ya kwatzi,
akakirudisha motoni; si moto wa kuyeyusha,
moto wa kusubirisha.
Kifungo cha siku tisa.

Humo ndani chembe zikahama, kiti kwa kiti,
bila msimamizi,
hadi kila manganisi ikaona mwenzake
kwa umbali uleule, pande zote,
na zote, nani aliziambia?, zikaelekea upande mmoja.

Wakubwa wanataka kingine: aloi ya kobalti
inayopitisha elektroni za mzunguko huu
na kuwafungia mlango za mzunguko ule,
ili kumbukumbu iandikwe bila joto kupotea bure.
Kitakuja. Kitadai mpangilio mkali kuliko huu.

Leo ni uyoga tu, mezani, kando ya supu ya kabichi.
Tak!
Mzee akabandua. Akaachia. Tak.
"Chuma kiko wapi humu?"
"Hamna, baba."
"Hamna kabisa?"
Akabandua tena, polepole, akisikiliza kwa vidole.

Asubuhi daftari la maabara, mwandiko wa Želmíra:
*Namba kumi na nne. Imepangika.
Iko kwenye mfuko wa baba.*