Daftari la Mchoma Chokaa

Babu Mwinyikondo hakuandika Mungu popote.
Aliandika mizigo.
Kwa herufi za Kiarabu, wino umefifia kama chai ya msibani:
Mizigo arobaini, kanisa la Wadachi, bandarini.
Rupia kumi na mbili. Nusu bado.
Ukurasa ule ule, mstari wa chini:
Mizigo kumi na minane, msikiti wa mtaa wetu.
Wamelipa kwa mchele.
Kisha: Mizigo sita, Wabaniani wa Kisutu,
ukuta wa nyumba yao ya sanamu.
Odhavji kalipa kabla sijashusha.
Na pembeni, kwa herufi ndogo za mtu anayejisemea:
Huyu ni mtu.

Nasoma nimeketi sakafuni, Gerezani,
mafundi wa mabati wakigonga nje.
Kidole changu kimetoka na vumbi jeupe.
Sijui ni la karatasi
au la tanuri.

Tanuri lilikuwa upande wa Kurasini:
magogo ya mikoko chini, matumbawe juu,
moto siku tatu, macho mekundu wiki nzima.
Nyuma ya jalada aliandika beti mbili,
hakumwonyesha mtu:

Mawe ni yale ya pwani, motoni yakishapikwa,
Chokaa haina dini, hushika panapopakwa.

Halafu likaja tangazo la Boma:
kila nyumba ya ibada na kibali chake,
mhuri wa tai, ada mkononi.
Wakapanga foleni chini ya jua la saa sita,
Elieza, mwalimu wa katekisimu, kofia kwapani;
Maalim Mwalimwengu na tasbihi yake;
Caetano Mgoa, mwoka mikate,
aliyetaka chumba tu cha kumwekea Bikira mshumaa.
Kwa kuwa karani alikuwa bado analala,
Caetano akamega mkate.
Maalim akauliza kama una mafuta ya nguruwe.
Hauna.
Wakala.

Kibali walipewa, kila mmoja karatasi yake.
Lakini karatasi haikusema
kengele na adhana zikikutana hewani nani apishe.
Hilo lilikuwa lao.
Elieza alisimama, kamba mkononi,
akangoja mpaka neno la mwisho la muadhini litue juu ya makuti,
ndipo akavuta.
Na siku Caetano alipozikwa,
muadhini alifika juu, akakohoa mara mbili,
akazitazama kandambili zake
hadi wimbo wa makaburini ulipokwisha.

Ningependa shairi liishie hapo.

Ila mama yake Babu, Mwanaheri,
aliyesali tano na bado akatambika
kwa sababu wafu wake hawakuwahi kumwambia aache,
naye alikwenda Boma.
Alitaka kupaka chokaa kibanda cha mizimu, Mtoni,
pale wazee wake walipowekewa unga na kitambaa cheupe
kabla mji haujaitwa mji.
Karani akachovya kalamu.
Dini gani?
Ya kwetu.
Akatafuta kwenye orodha, juu mpaka chini,
akatafuta tena, maana hakuwa mtu mbaya,
akamrudishia hela zake tatu.
Kwenye orodha palikuwa na wote waliokuja.
Waliokuwapo hawakuwamo.

Foleni nzima ilimwona akitoka.
Elieza alitazama kofia yake.
Maalim alihesabu tasbihi.
Hakuna aliyemega kitu.

Ukurasa wa mwisho una mstari mmoja:
Mizigo miwili. Mtoni. Kwa Mama. Usiku.
Hakuna bei.
Hakuna beti pembeni, hakuna "huyu ni mtu".
Kuna alama ya dole gumba, ya chokaa,
imekauka, haijabanduka miaka yote hii.

Nimeweka dole langu juu yake.
Lake lilikuwa pana zaidi.
Nje, mafundi wameacha kugonga;
ni saa saba, mmoja anatafuta maji ya kutawadha,
mwenzake anamshikia kopo.