Uwanjani, Kiamunyi

Wiki ya sita, bado sijapaa.
Najifunza kusimama.

"Upe upepo mgongo," asema Jemutai,
"litazame bawa."
Nalitazama. Limelala kwenye nyasi za shule
kama shuka lililoanuliwa mvua ikija,
kamba zimesokotana kama nywele za mtoto
aliyekataa kuchanwa.

Saa nne upepo wa Menengai unafika na vumbi lake.
Navuta. Linaamka,
bluu tupu juu ya kichwa,
kama mtu aliyeitwa kwa jina.
Kisha linanikokota hadi nguzo za goli
na watoto wa darasa la nne, wamejaa uani,
wanahesabu: "Kumi na saba!"

"Acha kupigana nalo. Likiinama kushoto,
ingia kushoto, chini yake."

Mimi, niliyezoea kushindana
na mlango unaokwama, na gia ya pili.
Hapa nguvu ni hasara.

Karibu na adhuhuri nilisahau mikono.
Bawa likatulia. Visigino vikaacha nyasi
kiasi cha unene wa patapata,
vikarudi.

Jemutai aliendelea kula hindi lake.
Na watoto, wanaohesabu kuanguka tu,
walibaki na kumi na saba ileile.