Pazia la Maureen

Dukani walitaka pauni arobaini na mbili
kwa kisanduku cha midomo kumi na miwili ya kukamulia aisingi.
Nikakirudisha rafuni polepole,
kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa watu.
Nikavuka barabara ya Holderness, mvua ya Hull ikinipiga ubavuni,
nikaingia kwa muuza misumari.

Mwiko bapa wa kupigia puti, peni themanini:
huo wa kulainishia kiwiliwili cha keki.
Kipande cha bomba jeupe la maji,
urefu wa kiwiko hadi ncha ya kidole:
hicho kitasukuma donge la sukari
kuliko kisukumio chochote cha chapati.
Na beringi moja, ya meza ya kuzunguka,
nitakayoibana kati ya vibao viwili.

Kijana wa kaunta akapanga vitu vyangu, akauliza:
"Unatengeneza bafu?"
"Natengeneza waridi," nikamwambia.
Akanipa risiti bila neno.

Nyumbani nilichemsha maji mara tatu.
Sabuni, brashi, maji, sabuni tena.
Sefu akasimama mlangoni na kikombe chake:
"Mgonjwa ni nani? Naona unaandaa upasuaji."

Usiku, nimetoka zamu ya kuwalaza wazee wa watu,
miguu imeumuka kama maandazi,
nakunja karatasi ya kuokea iwe koni,
nakata ncha kwa mkasi.
Mkato wa kwanza: aisingi inatoka kama dawa ya meno.
Wa pili, pembe mbili kama mkia wa mbayuwayu:
jani.
Jani! Nilipiga ukelele peke yangu, saa nane za usiku.
Shanga ya mkufu uliokatika
nikaigandisha kwenye sindano ya kufumia,
ikakonda kingo za petali hadi zikapitisha mwanga.
Trei ya mayai, nikaitandika karatasi, wakalala humo maua.
Mswaki mpya ulirusha nyota za buluu;
nyingine ziliangukia ukutani, zipo mpaka leo.
Na ile beringi, kila ikizunguka, inalia ng'we, ng'we,
nikaipaka mafuta ya kupikia, ikalia vilevile.

Lakini Salha alitaka lesi.
Miaka kumi na minane hutimizwa mara moja, alisema,
na lesi iwe kama ya gauni la bibi kwenye picha.
Mkeka wa kuchapia lesi: pauni kumi na tisa.
Nikatoka kusukuma pipa la taka, nalalamika kwa Kiswahili,
nikidhani nazungumza na pipa.
Clive, fundi bomba mstaafu, akachungulia juu ya ua.
Nikamweleza. Akaingia ndani, akakawia.

Akarudi na pazia la kimia, limekunjwa pembe kwa pembe.
"La Maureen. Alilifua kila Jumatatu."
Sikuuliza zaidi. Mwaka jana
niliona gari jeusi mlangoni pake.

Nililifua kwa mkono, nikalichemsha, nikalianika.
Nikalitandaza juu ya sukari,
nikapitisha bomba mara moja tu, kwa uzito wa mwili.
Nikalibandua nikiwa nimeziba pumzi.

Jumamosi Clive alikuja na tai.
Akaizunguka keki, akainama,
kidole chake kikasimama nusu inchi kabla ya ua la tatu.
"Hapa paka alipachana," alisema.
"Hapa ndipo aliposhona."
Na kweli: mishono minne, imepinda kidogo,
imesimama kwenye sukari
kama imeshonwa asubuhi ile.

Salha alikata upande wa pili.
Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi;
wangu ulikuwa na aisingi hadi kiwiko
na wapwa wangu walinifuata nao ukumbi mzima.
Saa tatu usiku sinia lilikuwa jeupe.
Kile kipande cha ua la tatu
Clive alikifunga kwenye karatasi ya fedha,
akakiweka mfuko wa ndani wa koti.

Jumatano akabisha hodi.
Ameleta beringi nyingine, nzito, ya kiwandani,
haitoi hata sauti.
Nikamshukuru, nikaifunga palepale mbele yake.

Ile ya zamani niliiweka kwenye droo ya vijiko.
Siku nyingine, nikiwa peke yangu,
naizungusha kwa kidole.
Ng'we, ng'we.