Shingo

Mjukuu wangu Milembe ndiye aliyepewa tiketi, mbili,
zawadi ya hesabu, shuleni kwao Pasiansi.
Mama yake ana zamu. Baba yake, tuyaache.
Nikabaki mimi, fundi saa wa Makoroboi,
ambaye kwa miaka thelathini na moja
nimetazama chini.

Tangazo lilisema saa tatu kamili.
Saa tatu na robo ndiyo wanapanga viti vya wakubwa.
Saa nne kasorobo mtu anapuliza kipaza sauti, haloo, haloo,
kana kwamba ziwa ndilo litakaloitika.
Nimevaa saa mbili, moja kila mkono
(ya kulia ni ya mteja, naipima mwendo),
na zote zinakubaliana.
Milembe anasema: Babu, leo si siku ya wadeni.

Jua la Ilemela halipigi hodi.
Tumenunua karanga zilizofungwa kwa karatasi ya mtihani;
swali la nne limekosewa, nimelisoma lote.
Wasio na tiketi wamepanda mawe,
mawe yetu haya yanayobebana bila saruji,
wamekaa juu kama kuku wasio na mwenyewe,
wanaona vizuri kuliko sisi wenye viti.

Kisha akaja ndege wa kwanza.
Nimesema wa, sikusema ya:
korongo,
kipara, koti la kijivu, mfuko shingoni,
mwendo wa karani mstaafu anayefuatilia kiinua mgongo.
Akafika katikati ya njia ya kurukia, akasimama.
Gari la zimamoto likamfuata na king'ora.
Akasogea hatua tatu. Gari likasimama. Akarudi mbili.
Uwanja mzima ukamshangilia,
mama mmoja wa kanga ya njano akapiga vigelegele,
nami nikacheka mpaka karanga zikanipalia.

Ndipo zikaja zenyewe, kutoka upande wa Ukerewe,
tatu, chini chini, matumbo karibu na maji.
Nikageukia sauti, nikakuta mbingu tupu.
Nikageuka tena: tupu.
Ndege imeshapita, ngurumo inaifuata nyuma
kama mdai.
Babu, usiifuate sauti. Tazama mbele yake.
Nikainua uso.
Shingo ikalia kama mlango wa ghala.

Moja ikapanda, wima, ikapanda
mpaka ikawa ile skrubu ndogo
ninayoishika kwa koleo huku nimezuia pumzi,
kisha injini ikanyamaza.
Ukimya ule naujua. Ni wa saa iliyokufa mikononi mwako
na mwenyewe amesimama mbele ya meza anakutazama.
Milembe alinishika kidole.
Ilidumu sekunde ngapi, siwezi kukwambia.
Mimi, mwenye saa mbili, siwezi.

Ikalala ubavu, ikaporomoka, ikanguruma.
Watu wakapumua. Muuza lambalamba akakumbuka kuuza.

Jioni walituruhusu kuigusa. Bati lake ni la moto,
jembamba kuliko nilivyodhani.
Rubani, binti mwenye nywele fupi na jasho puani,
alikuwa na saa iliyosimama saa mbili na dakika saba.
Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema, najua, Mzee,
hiyo ni ya kuvaa tu.
Nikamwelekeza kibanda changu, nyuma ya wauza vitambaa.
Hakuandika.

Usiku mke wangu Nshoma alinikanda kwa maji ya chumvi,
ananikanda ananisema: umri huu, na kuangalia vitu vya juu.
Nilikuwa nimelala chali. Kwenye dari lipo doa la maji
ambalo sijawahi kuliona,
na nyumba nimeijenga mwenyewe.

Jumatatu nimeinama tena, lenzi jichoni.
Saa ya mteja imepoteza dakika nne,
sijui nimwambie nini.
Kitu kikapita juu ya mabati ya soko,
na kabla sijafikiri
nikatazama mbele ya sauti.

Skrubu imeanguka. Bado naitafuta.