Kukalia Mikono

Miaka ishirini na miwili kiwandani, bonde la Serio,
nilifunga uzi uliokatika kwa sekunde tatu.
Kwetu haraka ndiyo iliyokuwa na baraka:
ilikuja mwisho wa mwezi, ndani ya bahasha.
Kisha mashine zikauzwa, zikapakiwa malori,
na mikono yangu ikarudi nyumbani ikiwa bado inakimbia.

Sasa nina miaka arobaini na sita. Niko Bergamo, darasani,
ghorofa ya pili, juu ya duka la miwani,
na Bi Pesenti ananifundisha kubeba mkeka.
Kubeba mkeka! Wiki nzima.
Kuukunjua bila kishindo, kuuzunguka nisiukanyage,
kuukunja tena kama barua ya mtu ninayemheshimu.
"Ornella," anasema, "bado unakunja kama unayelipwa kwa kipande."
Wenzangu wanacheka. Ni wasichana wa miaka ishirini na mitatu,
magoti yao hayalii wanapoketi sakafuni.
Yangu yanalia.

Usiku ninaandika albamu.
Kila zoezi lina ukurasa wake: kumimina dengu
kutoka jagi hadi jagi, kung'arisha kiatu,
mnara wa waridi wenye michemraba kumi,
ule mdogo kabisa haupiti ukucha wa kidole gumba.
Lazima nichore mkono unavyoshika kila kitu.
Nimechora mkono wangu mara arobaini
na bado unafanana na uma.

Herufi za msasa nilizikata mwenyewe.
Nilipitisha vidole viwili juu ya m,
ikanikwaruza kama ulimi wa paka,
nikajiuliza mbona mimi m nilifundishwa kwa rula.

Februari walitupeleka kutazama.
Kutazama tu. Kiti kimoja, daftari moja, saa tatu nzima,
mdomo umefungwa.
Tobia, miaka mitatu na miezi miwili,
alibeba jagi la maji kwa mikono yote miwili,
ulimi nje, kama anayevuka daraja la kamba.
Maji yakamwagika.
Nilikuwa nimeshasimama. Sikumbuki kusimama.
Kidole cha Bi Pesenti kikagusa bega langu,
chepesi kama nzi.
"Kalia mikono yako."
Nikaikalia. Ilifurukuta chini ya mapaja
kama kuku ndani ya tenga.

Tobia akayatazama maji. Akayatazama muda mrefu,
jinsi yalivyofuata ufa wa vigae hadi chini ya kabati.
Akaenda, akaleta sifongo.
Akapangusa kwanza mahali pakavu,
kwa bidii sana,
kisha pale palipolowa.
Dakika kumi na moja. Nimeziandika.
Hakuna aliyempigia makofi, naye hakutafuta wa kumpigia.

Mama yangu anaishi na nusu ya mwili tangu kiharusi cha Oktoba.
Kila asubuhi nilimfunga sweta: vifungo sita, pumzi mbili.
Jumatatu baada ya Tobia nilimwachia.
Nilipiga magoti mbele yake, nikakalia mikono,
nikangoja.
Kifungo cha kwanza kilimkwepa. Cha kwanza tena.
Kahawa ikachemka, ikafurika jikoni, sikwenda.
Akafunga kimoja, katika tundu lisilo lake.
Akaniangalia.
"Huko unakokwenda mnasomea nini, kutesa watu?
Mimi si mtoto, Ornella. Nina baridi. Nifunge."

Albamu yangu haina ukurasa wa jibu hilo.
Nikatoa mikono,
nikamfunga, polepole,
kitambaa kwa vidole vya kushoto, kifungo kwa vya kulia,
nikisita kila mara ili aone.
Cha sita nikakiacha.
Hakusema kitu.

Nilipokuwa mlangoni na begi, nimechelewa basi la saa moja,
nilimsikia nyuma yangu akihema, akikitukana kifungo
kwa Kibergamo, matusi yale yale ya kiwandani
aliyonifundisha yeye.
Sikugeuka.